Prosesa za Mwaka 2016

Mkurugenzi wetu, Ato Gashaw ("ato" kwetu ni "bwana"), ana akili nyingi mno, ndiyo maana haoni haja ya mtu mwingine kuja na zake kazini. Idara yetu ya takwimu za mazao ilipopata idhini ya kununua kompyuta mpya themanini, aliniita mimi, Wubalem, mtaalamu wake wa kompyuta, niseme zichukuliwe za prosesa gani. Prosesa ndiyo ubongo wa mashine, na mambo ya ubongo Ato Gashaw hupenda kuyasimamia mwenyewe.

Mbele ya kamati nikasoma pendekezo langu: prosesa za kizazi cha kumi na tatu au cha baadaye. Akavua miwani.

"Kizazi? Wubalem, mwanangu, tunanunua kompyuta au tunaposa?"

Kamati ikaangua kicheko, kila mtu kwa kadiri ya cheo chake.

"Bwana Mkurugenzi, ndivyo watengenezaji wanavyozihesabu. Kila toleo jipya huitwa kizazi."

"Andika kitu ambacho hata mama yangu ataelewa. Mwaka! Zisiwe za kabla ya 2016. Basi, yamekwisha."

"Niongeze kwamba ni kwa kalenda yetu?"

"Kwani hapa ni wapi, Paris?"

Kweli, hapa ni Addis Ababa. Kwetu ulikuwa mwaka 2017, wazungu wakiwa 2024, kwa hiyo 2016 yetu ilikuwa juzijuzi tu. Kahawa ikaletwa, bisi zikatafunwa, na hekima ya Ato Gashaw ikaingia kwenye mkataba kama ilivyotamkwa.

Aliyeshinda zabuni ni Ato Kinfe, mfanyabiashara mwenye tabasamu la kudumu. Alileta mzigo mapema, maboksi yanang'aa. Nikafungua kompyuta moja, nikaiwasha, nikaipa jedwali la teff, nafaka yetu ya kila siku, la mkoa mmoja tu. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi ilikuwa bado inawaza. Nikaangalia prosesa: ya 2016, ile ya wazungu. Masikini, ilikuwa imeshazeeka, inataka kupumzishwa.

Nikamkabili mfanyabiashara wetu ofisini kwa mkurugenzi. "Ato Kinfe, haya ni makumbusho umetuletea!"

"Dada'angu, si mliandika 2016? Nami nimeleta 2016. Prosesa imezaliwa ughaibuni hiyo. Haijui kwamba mwaka wetu huanza Meskerem, wala haifungi saumu ya Jumatano."

Ato Gashaw akapauka. Kisha, kama kawaida yake, akampata wa kumtupia mzigo.

"Wubalem, mtaalamu ni wewe. Mbona hukunisahihisha?"

"Niliuliza, Bwana Mkurugenzi. Ukaniambia hapa si Paris."

"Usinijibu! Tia sahihi hapa kwamba mashine zinafaa. Au kama umechoka na baridi ya Addis, tawi la Semera linatafuta mtu."

Semera! Jua la huko halina huruma. Na mama yangu figo zimechoka, kliniki ni mara mbili kwa wiki, na wa kumpeleka ni mimi peke yangu. Nikitia sahihi, mashine zikigoma wakaguzi wananifuata mimi. Nisipotia, nafungasha, na mama nani atamshika mkono? Nilikuwa nimeambiwa nisuke au ninyoe. Niliogopa jamani, siwezi kujitia ushujaa.

"Naomba nisome kwanza ninachotilia sahihi," nikasema, ili tu nivute pumzi.

"Soma, dada, nani anakukimbiza?" akasema Ato Kinfe, huku akijichotea bisi za mkurugenzi.

Nikasoma kwa sauti, kifungu baada ya kifungu. Nikafika penye tarehe ya mwisho ya kuleta mzigo: kabla ya kwisha mwezi wa tano, 2017.

"Na nimewahi," akajisifu.

Hapo ndipo damu ilipoanza kunirudi mwilini.

"2017 ya nani, kaka?"

Akaacha kutafuna.

"Maana kama ni yetu, umewahi kweli, na 2016 nayo ni yetu, kwa hiyo hivi vikongwe vyako uvirudishe. Kama ni ya wazungu, umechelewa miaka saba na ushei, na mkataba unasema faini ni ya kila siku. Chagua kalenda moja. Mbili hatuna za kukugawia."

Ato Kinfe akamtazama Ato Gashaw. Ato Gashaw akatazama dari, kisha akapiga meza kwa furaha.

"Umeona! Mnadhani kwa nini nilikataa yale mambo ya kizazi? Mtego, bwana! Nilimtegea!"

Lo! Mtu na mdomo wake.

Kompyuta zikashushwa ngazi za ghorofa zote nne, zikaletwa mpya kwelikweli, zinafungua mkoa mzima kabla hujakaa vizuri. Mpaka leo kila mgeni anayeingia ofisini husimuliwa mtego wa Ato Gashaw. Mimi nimo pia kwenye hadithi: ni yule binti aliyesoma kwa sauti.

Sifa achukue, nimemwachia zote. Alhamisi ya wiki ileile nilimpeleka mama kliniki. Tulipokuwa tunapanda ngazi, kaniegemea, akaniuliza kazini kuna jipya gani.

"Hakuna, mama," nikamwambia. "Nipo hapahapa."