Msalaba wa Eleuterio

Utepe ndio Otilia aliouona kwanza. Ulikuwa wa plastiki, rangi ya chungwa, umefungwa kwenye mkono wa msalaba wa baba yake, kando ya barabara. Ncha zake zilipepea kila gari lilipopita.

"Tazama," alisema mama yake, Remedios, akitua ndoo ya maji. "Kuna mtu amemkumbuka Eleuterio."

Otilia aliushika utepe. Walikuwa wametoka kuchuma zabibu, kazi waliyoianza alfajiri, visu vilivyopinda bado viunoni, vidole vinanata. Shambani, mzabibu ukiugua, msimamizi huufunga utepe kama huo. Baadaye trekta huja kuung'oa na mizizi yake. Mama aliyajua hayo kuliko yeye. Lakini alikuwa ameshaanza kufuta vumbi kwenye jina la mumewe, anatabasamu, na Otilia akamsogezea ndoo.

Barabara ile ya jimbo huachana na njia kuu, ikapanda vilima kwa kona kali, ikashuka bondeni katikati ya mizabibu, kisha ikazama kwenye msitu wa miti mirefu na kutokea baharini. Watu wa California wanaipenda kwa uzuri wake. Eleuterio alipofika kutoka kwao Michoacán, ng'ambo ya mpaka, kando yake ilikuwa miti ya tufaha. Yeye na wenzake waliing'oa, wakapanda mizabibu mpaka karibu na mstari mweupe wa lami. Pa kupita kwa miguu hapakubaki. Wanaoishi kwenye vibanda vya shamba hutembea juu ya lami, na hapo ndipo gari lilipomgonga, jioni moja ya mavuno, Otilia akiwa nyuma yake.

Lori la idara ya barabara lilisimama. Alishuka kijana mwenye koleo, kisha mzungu mmoja mwenye kizibao kinachong'aa.

"Wewe si Rigo, mtoto wa Chayo muuza mikate?" Remedios aliuliza.

"Ndiye mimi, mama."

"Na hilo koleo? Umekuja kunilimia bustani?"

Rigo alitazama viatu vyake. "Jumamosi wanazindua kibao. Barabara imetangazwa kuwa ya mandhari, ya kutembelewa na watalii. Vitu vyote vya kando vinaondolewa."

"Mume wangu ni kitu?"

"Mama, mimi nimetumwa tu."

"Umetumwa! Mama yako ndiye aliyeoka mikate ya matanga yake. Leo wewe umekuja kumfagia."

Kibao chenyewe kilikuwa kimelazwa ndani ya lori. Otilia alikichungulia. Kilikuwa kwa Kiingereza.

"Kinasema nini?" alimuuliza Rigo kwa sauti ya chini.

"Historia ya barabara. Mikokoteni ya farasi, wakata magogo, familia ya kwanza kupanda zabibu."

"Halafu?"

"Halafu, karibuni muonje mvinyo."

Mzungu alisema kitu. Rigo akatafsiri: wanaweza kuuchukua msalaba, wakauweke nyumbani.

"Mwambie hakufia nyumbani," Remedios alisema. "Roho yake ilimtoka hapa. Akirudi na kukuta patupu, atajua ni wapi?"

Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho. Akajibu kwa upole, maneno mengi, akitikisa kichwa.

"Anasema pole sana," Rigo alitafsiri.

Hakuwa amesema pole tu. Otilia husafisha vyumba vya kuonjea mvinyo, na kuna neno moja la Kiingereza alijualo vizuri, nalo alilisikia kinywani mwa yule bwana: mlevi. Ndivyo bonde zima lilivyosema, kwamba Eleuterio alikuwa akiyumba barabarani. Wiki ya mazishi msimamizi alisimama mlangoni mwao, kofia mkononi, akawakumbusha kwamba kibanda ni cha shamba, na wenye maneno mengi hawakai sana.

Koleo likazama ardhini. Remedios aliukumbatia msalaba. Rigo akaibandua mikono yake taratibu, huku akirudia, "Nisamehe, mama, nisamehe." Ukatoka na bonge la udongo. Mzungu akageuka kwenda kwenye lori.

"Rigo." Sauti ya Otilia ilikuwa ndogo, ikabidi aseme tena. "Rigo, mtafsirie na hili. Neno kwa neno."

Mama yake akainua kichwa.

"Baba hakuwahi kuonja hata tone la mvinyo. Gari lilitoka kwenye lango la shamba, lile pale. Na aliyeshuka kutazama alichogonga alikuwa bado ameshika glasi."