Bi Mkubwa Kasemaje?

Urafiki wao ulianzishwa na mbuzi. Miaka mingi iliyopita mbuzi mmoja aliponyoka sokoni, akaingia mahakamani kesi ikiendelea na kula karatasi za mwendesha mashtaka. Habari hiyo ikawekwa kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni. Watu walicheka, wakaenda zao. Wanne hawakwenda. Walibaki wakitaniana chini ya habari ile mpaka mwenye ukurasa akachoka, akafunga maoni, nao wakahamia kwenye kundi lao wenyewe. Wakaliita Mbuzi Mahakamani.

Sheria zao zilikuwa chache: hakuna majina, hakuna picha za sura, hakuna kuulizana unakaa wapi. Walijuana kwa kazi. Dereva aliendesha lori la masafa marefu. Nesi alihudumia wodi ya watoto. Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, ila hakuwa amestaafu kusahihisha watu. Wa nne alikuwa fundi wa miwani, msichana mwenye haya, aliyekaa kutwa nzima kwenye chumba cha nyuma cha duka akisaga lenzi ziingie kwenye fremu. Lakini huyo hawakumwita Fundi. Walimwita Binti, kwa sababu alikuwa binti wa Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa hakuwa mwanakundi. Simu yake ilikuwa ya kupigia tu, nayo kwa kubembelezwa. Ila siku zile za mwanzo, watu wakibishana kama mbuzi anaweza kushtakiwa, Binti aliandika kwa woga: "Mama anasema muacheni, ndiye pekee aliyelipitia jalada lote." Kundi likavunjika mbavu. Tangu hapo ikawa desturi. Iwe habari ya waziri, ya bei ya vitunguu au ya mchezaji aliyepaisha penalti, haikuhesabiwa kuwa imejadiliwa mpaka mmoja aulize: "Bi Mkubwa kasemaje?" Hapo Binti alimsomea mama yake habari, mama akatikisa kichwa, akasema lake, naye akaliandika.

Bi Mkubwa alifariki mvua zilipoanza.

Binti hakuwaambia. Hakuwa amepanga kuwaficha. Ndugu walikuja, wakajaa, wakapika, wakafua hata mapazia, kisha wakaondoka mmoja mmoja kila mtu na safari yake. Wa mwisho alipofunga mlango, Binti aliketi kwenye ukingo wa kitanda akawasha simu. Dereva alikuwa ameweka habari ya daraja lililozinduliwa asubuhi likapasuka kabla ya jua kuzama. Chini yake Nesi alikuwa ameuliza swali lile lile la siku zote.

Alitaka kuandika ukweli. Badala yake vidole viliandika: "Anasema huenda ule utepe walioukata ndio uliokuwa umelishikilia."

Wakacheka. Nesi alituma vikatuni vya kulia kwa kicheko mpaka kioo cha simu kikajaa. Na kwa muda ule waliocheka, nyumba haikuwa kimya.

Basi akaendelea. Si uongo hasa, alijiambia. Mwaka wa mwisho, maneno ya mama yalipokuwa mafupi, si alikuwa akiyarefusha kidogo, kama mtu anavyoongeza maji kwenye chai mgeni akiingia? Sasa chai imekwisha, yamebaki maji, lakini birika bado ni lile lile. Kazini alisema "habari za asubuhi" kwa muuzaji wa mbele na "iko tayari" akimpa miwani, na siku nyingine hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote hadi jioni. Kwenye simu tu ndiko mtu alimuuliza mama yake kaamkaje. "Kaamka salama," alijibu, na jibu hilo lilimpasha moto kifuani kisha likamwacha na baridi zaidi.

Siku moja mchana, mashine ya kusagia imezimwa ipoe na muuzaji ametoka kula, ujumbe wa Dereva uliingia.

"Wakubwa, leo sina utani."

"Uongo wa kwanza huo," Mwalimu alijibu.

"Mwalimu, nisikilize. Mnajua mwanangu anakaa kwa bibi yake tangu mama yake alipofariki. Sasa kampuni imenipa kazi ya yadi. Nitapokea magari tu, sisafiri tena. Naweza kulala nyumbani kama watu. Naweza kukaa na mwanangu."

"Hongera!" Nesi aliandika.

"Subiri. Bibi akiisikia habari hiyo tu, analia. Anasema nikimchukua mtoto nimemzika yeye akiwa hai. Yeye na yule mtoto wanalala chumba kimoja, wanakula sahani moja."

"Mtoto ni wako," alisema Mwalimu. "Hesabu yake haina mabano."

"Na yule mzee ni wa nani?" Nesi aliuliza.

"Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ninyi wote mtanipa akili za vijana."

"Mimi nina wajukuu," alisema Mwalimu.

"Wewe ni mwanamume. Nataka mwanamke mzee mwenzake aniambie. Binti, tafadhali, msomee Bi Mkubwa polepole. Naingia kule kwa bibi jioni. Atakachosema yeye ndicho nitakachofanya. Nimeshaapa."

Binti aliiweka simu mezani kama kitu cha moto. Kwenye kitambaa cha kufutia kulikuwa na lenzi mbili za mteja, nene, za mtu asiyeona mbali. Akazifuta. Akazifuta tena.

Jibu la mama alilijua. Hakuhitaji kulibuni. Alilisikia na pumzi yake, na ule mguno mdogo wa kuanzia: Mwacheni mtoto alipo. Nyumba ya mzee isiyo na mtoto ni kisima kisicho na ndoo. Hivyo ndivyo Bi Mkubwa angesema, na Dereva angegeuza lori lake, na mtoto angebaki.

Lakini Binti hakukubaliana nalo. Jambo hilo lilimshtua kuliko yote. Miaka yote hiyo hakuwahi kujua kwamba ana neno la kumpinga mama.

Alikumbuka alipomaliza chuo, akapata nafasi ya kazi katika mji mwingine, kwenye maabara kubwa ya lenzi. Mjomba alikuja kumuuliza kama anataka kwenda. Aliuliza sebuleni. Mama alikuwa pale pale, anamenya vitunguu, hasemi kitu, kisu tu kinakwenda. "Hapana, Mjomba," Binti alijibu, "mimi niko sawa hapa." Mama akaendelea kumenya. Mjomba akafurahi, akamsifu mbele ya ukoo mzima kuwa ni mtoto mwenye utu. Na alikuwa nao, kweli. Alimpenda mama yake, akamwogesha, akamlisha, akacheka naye mpaka mwisho. Wenzake wa chuo waliolewa, wakahama, wakaacha kupiga simu. Yeye akabaki na mama, na watu watatu asiowajua sura.

Njia rahisi ilikuwepo. Angeweza kuandika, "Mama anasema mchukue mtoto." Nani angejua? Lakini kumtia mama maneno ya utani mdomoni ni kitu kimoja. Kumtia neno ambalo angelikataa, na mtu alifuate kwa maisha ya mwanawe, hilo hakuliweza.

Akaandika: "Dereva, nisamehe. Siwezi kumuuliza. Mama amefariki. Alifariki mvua zilipoanza."

Juu ya kioo maandishi madogo yalionyesha kwamba Mwalimu anaandika, kisha haandiki, kisha anaandika.

"Mvua zilipoanza?" Mwalimu aliuliza. "Daraja lilipasuka baada ya mvua kuanza."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na lile la waziri aliyekwama kwenye lifti, nani alilisema?"

"Ni mimi."

"Na vitunguu?"

"Ni mimi. Naomba mnisamehe."

"Ile ya vitunguu nilimsomea mke wangu mezani. Alimwombea mama yako maisha marefu. Mimi nikaitikia."

Binti alianza kuandika kitu, hata hakujua nini. Kabla hajamaliza, mstari mwembamba wa kijivu ulitokea: Mwalimu ameondoka kwenye kundi.

Nesi ndiye aliyefuata. "Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Wewe hukulia, mdogo wangu. Sisi tungeingilia wapi?" Kisha, baada ya kitambo: "Pole. Pole sana. Nimeitwa wodini. Nikirudi nitakuja tulie." Hakuandika tena siku hiyo.

Muuzaji alirudi, akachungulia, akasema mteja wa lenzi nene amefika. Binti alisema dakika moja. Akabaki ameshika bisibisi ndogo ya skrubu za miwani bila kukaza chochote.

Simu ikatetemeka. Dereva.

"Nimeegesha kando ya barabara. Pole, Binti. Nimevua kofia hapa peke yangu, watu wananishangaa." Halafu: "Lakini shida yangu bado ninayo. Wewe unasemaje?"

Alilisoma swali hilo kama mtu anayesoma barua iliyoingia nyumba siyo. Alitazama kama kuna jina jingine mbele yake. Hakukuwa na jina jingine.

Aliandika polepole, akifuta na kurudia.

"Mimi ndiye mtoto aliyebaki. Sisemi ni vibaya. Sisemi mchukue, sisemi mwache. Nasema muulize mwenyewe. Lakini usimuulize sebuleni. Usimuulize bibi yake akiwepo, hata akiwa chumba cha pili. Mtoto anayempenda mzee akiulizwa mbele yake atasema niko sawa hapa, na ninyi mtamsifu, mambo yataishia hapo. Mpeleke mbali. Mpe muda. Akinyamaza, usiseme amekubali."

Akatuma kabla haya haijamshika mkono. Kisha akakaza skrubu, akaipeleka miwani mbele, akamvisha mteja, mzee mmoja mrefu, na kuirekebisha nyuma ya masikio yake. Mzee akatazama nje ya mlango, akasema, "Kumbe bango lile lina maandishi." Muuzaji akacheka. Binti naye akatabasamu, akarudi chumba cha nyuma.

Keshokutwa yake Nesi aliweka habari ya ng'ombe aliyepanda ngazi za benki akagoma kushuka. Habari nzuri, ya kwao kabisa. Ilikaa pale bila neno chini yake. Nafasi ya lile swali ilionekana wazi, kama pengo la jino ambalo ulimi hauachi kulirudia. Binti aliifungua habari hiyo mara kadhaa, akaifunga. Alimtumia Mwalimu ujumbe wa pembeni wa kumwomba radhi. Ujumbe ulifika. Haukusomwa.

Jioni Dereva alijitokeza.

"Nilimpandisha kwenye lori, nikamwambia twende tukajaze mafuta. Nikamuuliza njiani. Alinyamaza, nami nikanyamaza, kama ulivyoniambia. Tumepita vituo vya mafuta vitatu. Mwisho akasema anataka kuja kwangu. Lakini kanishika mkono, kanisihi bibi asijue kwamba ni yeye aliyesema."

"Umemwambiaje bibi?" Binti aliandika.

"Nimesema ni mimi niliyeamua. Bibi hanitazami usoni. Wacha. Bora aninunie mimi. Kila Jumamosi nitampeleka mtoto huko, hata kama nitafungiwa mlango."

Binti aliegemea ukuta. Aliwaza mtoto yule akifungasha nguo zake, anajizuia asionekane ana furaha. Aliwaza na yule mzee, upande wa pili wa pazia, akisikiliza kila kitu kinavyoingia kwenye mfuko. Mwanamke huyo hakumjua jina, wala hangemjua kamwe. Ndipo machozi yakaja, hayakumuuliza. Alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mvua zile, akiwa amekaa sakafuni na simu mapajani. Hakuna aliyegonga kumwuliza ana nini.

Alipotulia aliandika, "Huyo bibi, mpelekee neno langu." Akasita. Hakujua ni neno gani. Nje kulikuwa bado kweupe, watoto wa jirani wakipigiana kelele za mpira.

"Neno gani?" Dereva aliuliza.

Binti akaanza kulitafuta.