Ushuhuda wa Dada Yangu

Usingizi unanikamata kanisani, saa tano asubuhi, mzee Elinasi akisoma matangazo ambayo hajawahi kuyafupisha hata siku moja. Akimaliza ni zamu yangu kutoa ushuhuda, wala sina wasiwasi, miaka kumi na sita nautoa huohuo na kila mara watu wanalia. Nafumba macho kidogo tu. Benchi linazama chini yangu polepole, kisha nipo kwenye barabara nyekundu kati ya migomba, nimesimama, na barabara ndiyo inayotembea, migomba ileile inanipita, inarudi, inanipita tena. Mbele kuna mji. Nyumba zake hazina madirisha, zina vioo, na katika kila kioo anayenitazama si mimi, ni marehemu dada yangu Ndeskoi. Nikiinua mkono, anainua. Nikikimbia, anakimbia, kioo hadi kioo. Naogopa. Kando yangu anatembea mtu mwenye kanzu, na pale ambapo uso ungekuwa pamelainika tu, kama ndani ya bakuli. Shikamoo, namwambia, maana hofu haiondoi adabu. Marahaba, binti. Lango liko wapi, baba? Umelipita mara nyingi, ukiwaelekeza wengine. Ni mbali? Kwa mtu mzima ni mbali, kwa asiyezaliwa ni hapa. Baba, sema basi nikuelewe! Hacheki, atacheka kwa mdomo gani. Tunakata kona, nayo kona inageuka pamoja nasi, na mara lango lipo, fupi, linanifikia magotini, na nyuma yake watu wanaimba kwa furaha ambayo sijawahi kuwa nayo. Naona wivu.

Sauti inauliza kutoka ndani, Ulizaliwa mara ya pili lini? Nakohoa, najiweka sawa, hapa ndipo ninapopajua. Jumanne, nasema, saa nne asubuhi, nikikata majani ya ng'ombe bondeni, mundu ukaniponyoka mkononi, nikapiga magoti kwenye umande, nikamwambia Yesu yote. Sauti inasema, bila hasira yoyote, Huyo wa Jumanne tulishampokea. Anaitwa Ndeskoi. Wewe ni nani?

Nataka kusema mimi ni Aikaeli, mwenyekiti wa akina mama, lakini jina halitoki. Jumanne ile Ndeskoi alinisimulia mimi peke yangu, wiki ile aliyokufa. Tulipomzika, Jumapili iliyofuata nikaitwa mbele nishuhudie, watu wote wakinitazama, nami sikuwa na siku ya kuokoka ya kutaja. Nikataja yake. Nifungulie hivyohivyo, nalia, nimezeeka. Sauti inajibu, Njoo na siku yako, hata ikiwa ni leo.

Mama Aikaeli, ushuhuda! Nimesimama mbele, kipaza sauti mkononi, sijui nani amenisimamisha. Nakipuliza, hakitoi sauti. Bwana asifiwe, nasema. Asifiwe, wanajibu, kanisa zima kwa sauti moja nyembamba, kama ya mtu mmoja, na mwili unanisisimka, sijui kama nimeamka au bado nipo kule. Mke wa mchungaji ameshatoa leso yake, tayari kulia.

Ndugu zangu, nasema, ile siku haikuwa yangu. Mimi sijaokoka.