Karani wa Lugha Mbili

Ulipita hapo. Usituambie hukuwa Mwingi mwaka wa themanini na nne, kwa sababu mwaka huo nusu ya Ukambani ilipita Mwingi, na wenye gari walipita mbio zaidi. Uliona foleni ya wanawake kuanzia mlango wa stoo ya chakula hadi barabara ya Garissa, ukapandisha kioo kwa sababu ya vumbi. Vumbi lilikuwako, ni kweli. Lakini ndani ya vumbi hilo alikuwako mwanamke mmoja akitembea kando ya foleni, huku akisema Kikamba, kule akisema Kisomali, na wewe ukadhani anauza njugu. Jina lake ni Mutindi. Mwangalie sasa.

Jumanne hiyo, tarehe kumi na nane Septemba, alifika stoo saa kumi na mbili unusu, kama alivyofika kila siku ya ugawaji tangu Aprili, isipokuwa siku mbili za Julai alipougua. Aliwatoa wenye watoto wachanga nyuma ya foleni akawaweka mbele. Aliwaambia wanawake wa Kikamba kwamba mahindi ya manjano ni chakula cha watu, hata kama yana harufu ya gunia, na yakichemshwa mara mbili yanalika. Aliwaambia wanawake wa Kisomali, wale waliohamia nyuma ya soko la mifugo baada ya ng'ombe kwisha, kwamba mafuta ya kopo hayana nguruwe; alikuwa ameenda mwenyewe kuuliza, akasomewa maandishi ya kopo, na akala yamini mbele yao. Saa mbili akaenda nyuma ya stoo, akavua leso, akavaa blauzi nyeupe ya kanisani aliyokuwa ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki. Siku hiyo alikuwa na intavyuu.

Kisomali alikijua kwa kukilalia na kukiamkia. Akiwa na miaka kumi na mmoja alipelekwa kulea watoto kwa mfanyabiashara wa ngamia, kwa mama mmoja anaitwa Ambiyo, akakaa huko miaka tisa. Aliporudi kuolewa, shangazi zake walisema anaota kwa lugha ya watu. Sasa alikuwa na miaka thelathini na sita, mume aliyeenda kutafuta kazi Mombasa na kunyamaza huko, na mafahali wawili waliokufia shambani Machi. Kazi aliyokuwa akiifanya bure kwa miezi sita ilikuwa imetangazwa kwa mshahara wa shilingi mia saba kwa mwezi. Akiipata, yeye na binti yake Kaluki wangetoka kwenye foleni ile ile aliyokuwa akiipanga. Hicho ndicho alichokuwa akitaka. Hakutaka kingine.

Tangazo lenyewe lilipigwa misumari mlangoni mwa stoo wiki mbili kabla. Lilitaka karani wa kuandikisha, ajuaye Kikamba na Kisomali, kusema na kuandika, na awe na cheti cha Fomu Foo, yaani kidato cha nne. Liliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo waliosimama mbele yake kutwa nzima hawakujua linasema nini mpaka waliposomewa.

Na hilo tangazo lilizaliwa kwa ugomvi. Julai, wanawake wa nyuma ya soko walirudi mikono mitupu mara mbili, kwa sababu Mutindi alikuwa mgonjwa na karani wa wakati huo hakuwaelewa. Mzee Dirie, mwenye duka la sukari na vitambaa, akaenda na wazee wenzake watano kwa mwenyekiti wa komiti ya chakula, akasema hawatoki hapo mpaka wahakikishiwe kwamba kila atakayekaa kwenye ile meza atajua Kisomali. Jumapili iliyofuata Muthama, seremala na mzee wa kanisa, akasimama baada ya matoleo. Akauliza: kijana wetu asome, amalize, halafu aambiwe hafai kazi ya mlangoni kwao kwa sababu hajui kuzungumza na mwenye ngamia? Watu wakapiga makofi. Mutindi alikuwa amekaa benchi la tatu. Tangu siku hiyo mke wa Muthama, Nthenya, aliacha kumsalimia, na vijana wa sokoni wakaanza kumwita bibi ya Msomali.

Wote wawili walikuwa na neno. Waliokosa chakula walikosa kweli, na vijana waliokaa na vyeti ndani ya masanduku walikaa kweli. Lakini Dirie na Muthama walipokuwa wakirushiana maneno kutoka ng'ambo mbili za barabara, Mzee Musembi, mwenyekiti wa komiti, alikuwa kimya ofisini kwake akipigisha taipu. Kila upande aliupa kitu. Dirie akapewa Kisomali, Muthama akapewa Fomu Foo. Mwenye lugha zote mbili bila cheti cha Fomu Foo akabaki katikati, na aliyebaki katikati alikuwa mtu mmoja tu.

Saa tatu waliitwa ndani watu wanne. Musembi alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, na bado alikuwa anashika kalamu kama anamwandikia mtu kifungo. Kando yake walikaa wanakomiti wawili waliokuja kuitikia kwa vichwa. Mzee Dirie aliombwa kuwa mpimaji wa Kisomali. Kiti chake kilikuwako, kitupu. Yeye aliambiwa mkutano ni saa tano.

"Mama Kaluki," Musembi akasema. "Hata wewe."

"Hata mimi, mzee."

"Cheti?"

"Cha darasa la saba, cha masomo ya watu wazima."

"Tangazo limesema Fomu Foo."

"Tangazo limesema pia Kisomali. Mzee Dirie hayuko. Ni nani hapa atanipima?"

Musembi hakukasirika, watu kama yeye hawana haja ya kukasirika. Alisema hii ni komiti ya serikali, hapa hakuna mambo ya kupiga domo kama sokoni, lugha itapimwa kwa maandishi. Akawagawia karatasi. Waandike kwa Kisomali kazi za karani, nusu saa.

Mutindi hakuwahi kuona Kisomali kimeandikwa. Kwa Ambiyo hakuna aliyeandika. Deni, ndoa, ukoo wa ngamia, vyote vilikaa kichwani. Alichukua herufi alizofundishwa za Biblia ya Kikamba akajaribu kuzivisha sauti za lugha nyingine. Aliandika vile angemwambia mama aliyefika mezani: karibu, keti kivulini, mtoto amekunywa maji? Mistari minne. Kandoni mwake Mulei, mtoto wa dada ya mke wa Musembi, alijaza ukurasa mzima akageuza wa pili.

Usimchukie Mulei. Alimaliza Fomu Foo miaka miwili nyuma, na tangu wakati huo alikuwa akipakia mbuzi kwenye malori kwa ujira wa siku. Kisomali chake kilikuwa cha huko: njoo, lete, funga, ngapi. Yaliyojaza ukurasa wake yeye mwenyewe ndiye ajuaye.

Musembi alizishika karatasi nne kwa mkono mmoja, akazipima kwa macho.

"Huyu amejaza," akasema.

Vichwa viwili vikaitikia. Saa tatu na dakika hamsini kazi ilikuwa na mwenyewe.

Mzee Dirie alifika saa tano kasorobo, amevaa koti, na fimbo yake. Alipoelezwa kwamba mambo yamekwisha, aliomba aone karatasi ya Kisomali ya mshindi. Akaambiwa ni siri ya serikali. Akamgeukia Mutindi aliyekuwa ametoka nje, akamwuliza kwa Kisomali kama kijana anajua. Mutindi akamwambia anajua kufunga mbuzi. Dirie hakucheka. Alisema atapeleka barua kwa DO, afisa wa tarafa. Muthama alikuwa pale pia, amekuja kurekebisha mlango wa stoo, na alisikia Mulei ndiye aliyechukuliwa. Aliendelea kupiga randa. Kijana wetu alikuwa amepata kazi. Hakuuliza wetu ni nani.

Saa sita meza ikatolewa chini ya kibanda cha mabati, na Mulei akakaa nyuma ya daftari jipya. Askari wa utawala akasimama kando na fimbo. Mutindi, kwa sababu sasa palikuwa na karani mwenye kazi yake, aliambiwa asimame nje ya ua wa miiba. Wa kumi kwenye foleni alikuwa Ebla.

Ebla alikuwa na watoto wake wanne na wawili wa dada yake aliyefia njiani. Mulei alimwuliza swali alilokuwa na neno lake.

"Ngapi?"

Alisema kama mtu anayehesabu mbuzi mlangoni mwa lori. Ebla akamtazama. Watoto hawahesabiwi. Mama akitaja idadi yao kwa mdomo wake, ameita kitu kije kupunguza. Na hili si la Wasomali peke yao: mwanamke wa Kikamba naye hakuhesabii watoto wake mbele ya watu, na nyanya ya Mulei mwenyewe angempiga kofi kwa swali hilo. Lakini shule ilimpitisha mbali na nyanya yake, na daftari lilikuwa na safu inayotaka namba.

Ebla akasema Mungu ndiye anajua. Mulei akasikia jina la Mungu tu. Akasubiri. Foleni ikasukumana. Akaandika moja.

Gorogoro moja, kopo la kilo mbili la mtu mmoja, ikamiminwa kwenye leso ya Ebla. Yeye hakuondoka. Aliinyoosha ile leso, akaangalia mahindi, akaangalia gunia. Askari akamwambia sogea. Akamwambia tena, na safari hii fimbo ikamgusa begani. Ebla akaanza kusema, polepole, bila kupaza sauti, na hakuna mtu mezani aliyejua anasema nini.

Mulei akatazama nje ya ua.

"Auntie," akaita. "Njoo kidogo unisaidie na huyu."

Mutindi alisimama na blauzi yake nyeupe. Alijua akienda, amefanya bure tena kazi aliyonyimwa asubuhi, na kesho ataitwa, na kesho kutwa. Alijua asipoenda, watu saba watakula gorogoro moja wiki mbili. Hiyo ndiyo njia wanayotukamatia siku zote. Wanajua hatutaacha watoto.

Akaingia. Akasimama mbele ya meza, akanyoosha mkono.

"Nipe kalamu."

"Auntie, hii ni ya ofisi. Wewe niambie tu, mimi naandika."

"Mulei, mwanangu, mimi sitakuambia kitu. Nipe kalamu ama umuulize huyu mama wewe mwenyewe."

Nyuma ya Ebla kulikuwa na wanawake kama mia moja. Mulei alitazama ofisi, mlango umefungwa, Musembi ameenda kula. Akampa kalamu.

Mutindi hakumwuliza Ebla ngapi. Aliuliza habari za usiku, akauliza ukiita waje kula, anayekuja kwanza ni nani. Ebla akataja jina. Na anayemfuata? Akataja. Anayelala mgongoni mwako? Kwa kila jina Mutindi alihamisha punje moja ya mahindi kutoka kiganja hiki hadi kile, ndani ya mkunjo wa sketi, pasipo mtu kuona. Halafu akaandika: saba, pamoja na mama. Ebla alipewa zilizobaki sita, akafunga leso akaondoka uso ameuinamisha, kwa sababu alikuwa akilia na hakutaka watoto wamwone.

Wakaendelea hivyo mchana kutwa, Kisomali, Kikamba, Kisomali. Nthenya naye alifika mezani, akaulizwa kwa Kikamba nani huja kula kwanza, akajibu macho yakiwa chini. Na kila ukurasa ulipojaa, Mutindi aliandika chini yake, kwa herufi zake za Biblia: *Aliyeuliza na kuandika ni Mutindi wa Nzioka, kwa Kikamba na Kisomali.* Mulei aliona. Hakumzuia. Alikuwa anapima mahindi, na alipima sawasawa, na labda siku hiyo ndiyo aliyofanya kazi kwa furaha kuliko zote.

Saa kumi kasorobo Musembi alirudi kutia sahihi. Akafungua daftari. Kurasa kumi na moja.

"Hii ni nini?"

"Ni jina langu, mzee."

"Wewe si mfanyakazi hapa."

"Basi futa na hayo majina ya juu. Mimi ndiye nimeyaandika, kuanzia la kumi."

Hangeweza kuyafuta. Magunia yalikuwa yametoka, na ripoti ya wilayani lazima ilingane na magunia. Akaomba rula. Akafuta mstari wa chini tu, ukurasa kwa ukurasa, mara kumi na moja, wino mweusi umenyooka vizuri, na juu ya kila mstari Mulei akaambiwa atie sahihi yake. Mulei alitia. Musembi akafunga daftari, akasema kwa upole kabisa:

"Kesho uje mapema, Mama Kaluki. Huyu kijana bado anajifunza."

Mutindi akampa kisogo. Aliwageukia wanawake waliobaki, akawaambia kwa Kikamba, kisha kwa Kisomali, bila kelele, lililofanyika asubuhi na lililofanyika sasa hivi kwa rula. Walimsikia wote. Mmoja mmoja walijitwika mizigo wakashika njia, wengine kaskazini nyuma ya soko, wengine chini mtoni, na yeye akaingia mwisho wa foleni kuchukua gorogoro mbili, ya kwake na ya Kaluki.

Hao usiwalaumu. Walikuwa na njaa. Wewe ulikuwa umekula.

Na leo umekula. Katika ofisi ya wilaya yako kuna tangazo mlangoni lenye masharti ya lugha, na nyuma ya mlango huo kuna mtu anayeifanya kazi hiyo bila mshahara, kwa lugha ambayo wapimaji wake hawaijui. Nenda. Lisome kwa sauti, kwa lugha ya waliosimama hapo. Uliza ni nani atakayepima, na kiti chake mbona kiko kitupu. Mshike mkono yule anayefanya kazi, umsimamishe mezani, na usiondoke hapo mpaka jina lake liandikwe kwa wino kwenye orodha ya mishahara. Usingoje barua ya Mzee Dirie ijibiwe. Haijajibiwa mpaka leo. Ofisi iko wazi sasa hivi. Inuka uende.