Kikohozi cha Mwalimu Mkuu

Saa nne asubuhi, siku ya kura, saluni yangu ilifurika kuliko siku ya harusi. Siku nyingine ningeshangilia. Leo niliwatazama watu waliopaswa kuwa kwenye foleni pale shuleni, nikawauliza mbona hawajaenda.

"Si kura ni kesho?" alisema muuza mkaa, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ufagio. "Mwalimu mkuu mwenyewe kasema."

Akabonyeza simu. Ikatoka sauti ya puani na kikohozi chake cha mara mbili: "Ndugu wapendwa, kho kho, shuleni kwetu kura ni kesho. Leo pumzikeni."

Wote walimtambua mwalimu mkuu, msimamizi wa kituo chetu. Mimi nilijitambua mwenyewe.

Siitwi Kasuku bure. Nikisuka, naigiza watu: diwani, daktari, hata mama mkwe, Mungu anisamehe. Wiki iliyopita nilimwigiza mwalimu, saluni ikacheka mpaka machozi. Wifi yangu akarekodi. Sasa kicheko kimekatwa, sauti imebaki peke yake, na mtaa mzima unayo.

"Lakini mwalimu katuma nyingine, anakanusha," nikasema.

"Hiyo ndiyo feki," alidakia fundi cherehani. "Haina hata kikohozi!"

"Jamani, ile ni mimi."

Wakaangua kicheko. "Huyu naye! Hata uchaguzi anataka uwe wake!"

Wifi hakucheka. Akasogea kama anayechagua rasta, akaninong'oneza: "Funga mdomo. Nilimtumia mtu mmoja tu wa kampeni, alisema anataka kucheka. Ukijitaja, tunaingia ndani wote wawili. Kaka yangu atalea watoto na nani?"

Mlango ulikuwa wazi, lakini sikuona pa kutokea. Nikasuka mistari miwili, vidole vizito. Kituo kinafungwa saa kumi.

"Nipendezeshe," muuza mkaa alisema. "Kesho nampigia kura yule aliyeahidi maji. Miaka mitano nimebeba ndoo, shingo imeingia kifuani."

Nikaacha kusuka. Nikachukua beseni la taulo. "Simu zote humu. Sirekodiwi mara ya pili."

Wakatumbukiza wakicheka, wakingoja kichekesho. Wifi akanishika mkono. "Wifi, nakuomba."

Nikautoa mkono wangu taratibu, nikabana pua.

"Ndugu wapendwa, kho kho, shuleni kwetu kura ni kesho. Leo pumzikeni."

Hakuna aliyecheka. Muuza mkaa alinitazama kupitia kioo, hakugeuka.

"Kumbe," akasema. "Na umeniketisha hapa tangu saa mbili."

Akafunga kitambaa juu ya nusu kichwa chake, akaokota simu, akatoka. Wengine wakafuata. Fundi cherehani alisimama kizingitini. "Nitapita nyumba za nyuma kuwaambia. Ila nikiulizwa na polisi, sidanganyi."

"Usidanganye."

Wifi alikaa chini akajifunika uso kwa kanga. Nje nilisikia milango ikigongwa, mmoja baada ya mwingine. "Kura ni leo!" Kisha mtu anauliza: "Na ile sauti ya mwalimu?" Kisha: "Ile sauti ni ya Kasuku! Ndiyo, msusi! Katuigizia mbele ya macho yetu!" Bila jina langu, hakuna aliyeamini. Kwa hiyo walilitaja kila mlango.

Nikachukua kitambulisho changu cha kura kwenye droo ya vitana, nikavaa viatu. Foleni sasa ingekuwa ndefu, na ili kuufikia mkia wake, ilinibidi nipite mbele ya wote.