Usipa Ndani ya Maji ya Chumvi

Gaudiosa ukimwita mbishi atacheka, ukimwita mchoyo atakusamehe. Lakini kumwita muuaji wa minyoo, hapo ulikuwa umemtafuta.

Minyoo wenyewe, wa baharini wa pambo, walikuwa sita, ndani ya tangi la kioo mapokezi, kwenye nyumba ya wageni ya Hamphrey, Mbinga mjini. Kila mmoja aliishi ndani ya mrija wake na kuchomoza nje shada la manyoya. Hamphrey aliwaleta kutoka Dar pamoja na mifuko ya chumvi ya bahari, akamkabidhi Gaudiosa, mfanya usafi. Gaudiosa alijifunza mwenyewe. Alikuza mwani kwenye chupa dirishani mpaka maji yakawa ya kijani, kisha kila siku alizima pampu na kuyadondosha kwa bomba la sindano juu ya manyoya, taratibu, maana manyoya ndiyo yanayonasa chakula.

Hamphrey akaenda Songea siku tatu. Huku nyuma akaja dada yake, Herieth, kutoka Liuli.

"Wageni wa mbali hivi mnawanywesha maji? Aibu gani hii!" alisema, akamwaga tangini konzi nzima ya usipa uliopondwa, dagaa wa Ziwa Nyasa.

Gaudiosa aliporudi kutoka kuanika mashuka, maji yalikuwa meupe kama togwa, na Herieth bado anajipangusa usipa viganjani. Alibadilisha nusu ya maji, akahangaika mpaka jioni. Asubuhi mashada yote sita yalikuwa yamelala mchangani.

Hamphrey aliporudi hakuuliza kitu. "Umeniulia!"

"Bosi, ni dada Herieth aliyetia usipa."

Herieth akatazama dari. Dari, jamani! Mtu mzima, mwanakwaya!

"Usimsingizie dada yangu! Katupe mizoga hiyo, kisha ufungashe virago."

Gaudiosa akasimama mbele ya tangi, mikono kiunoni.

"Situpi. Hawajafa, nikimulika ndani ya mirija wanajivuta. Wameangusha manyoya kwa shida waliyopata. Kwetu Kitura kahawa inakatwa inabaki kisiki, na hakuna anayeking'oa, maana kinachipua tena. Nipe wiki tatu. Yasipoota, nitaondoka bila kufukuzwa."

Hamphrey, naye mtoto wa mkulima wa kahawa, akakubali kwa kununa.

Siku ya kumi na tisa yalichomoza manyoya madogo, kama ukucha wa mtoto. Hamphrey akaita wageni wote waje waone minyoo wake. Herieth, aliyekuwa amekuja tena kusalimia, akawapenya watu mpaka mbele, akapiga makofi.

"Ashukuriwe Mungu! Wiki zote hizi sipati usingizi. Kumbe usipa wangu haukuwaua!"

Hamphrey akamgeukia Gaudiosa.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, bosi. Hapahapa, mbele yake. Ukasema namsingizia."

Hamphrey akageukia tangi, akagonga kioo kwa kidole, na mashada yote sita yakazama mirijani kwa mpigo.

"Na kioo usigonge," Gaudiosa alisema. "Ndiyo kwanza wanatoka."