Huyu Hajalipa

Mchoraji aliwagawa binadamu wote mafungu mawili, wenye tiki na wasio na tiki. Tiki yenyewe ni kialama cha kijani, kidogo kama punje ya mtama, kinachokaa kando ya jina la mteja kwenye mtandao aliokuwa akipatia kazi. Kikiwepo, ujue mtandao umeshaikagua kadi ya huyo mteja na kuridhika kwamba malipo yapo. Kisipokuwepo, panaandikwa kwa rangi ya kijivu kwamba malipo hayajathibitishwa. Wenye tiki aliwaita wateja. Waliobaki wote aliwaita hewa.

"Nimeamka na hewa mwingine," angesema asubuhi kabla hata hajashusha mkoba begani, na kucheka kunaanza.

Alifanyia kazi zake kwenye chumba cha ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Kilikuwa na meza mbili, dirisha lisilofungika vizuri, na feni iliyojua kupiga kelele kuliko kupuliza. Meza ya pili ilikuwa ya mtafsiri, mama mmoja mtaratibu aliyemzidi umri, na ndiye aliyembandika jina la Bi Tiki. Alidhani anamtania. Mwenyewe akalipenda, akaliandika mpaka kwenye kikombe chake cha chai.

Mtafsiri alikuwa anapokea hewa, na hilo lilimchefua Bi Tiki kuliko ile feni. Mtu hana tiki, mtafsiri anamsalimia vizuri, anamuuliza shida yake, anamwomba atangulize kidogo, anamfanyia ukurasa mmoja wakajuana. Wengine walimkimbia kweli, akabaki na ukurasa wake. Wengine walikuwa naye mpaka leo.

"Kila mteja alianza bila tiki," mtafsiri alimwambia siku moja. "Hata hao wako unaowaringia."

"Basi waanzie kwa wajinga," Bi Tiki akajibu. "Wakifika kwangu wawe wameshaiva."

Mtafsiri akaguna, akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa na maguno ya kila aina, na hilo lilikuwa la kumhurumia mtu.

Usidhani Bi Tiki aliwafukuza hewa wote. Wengine aliwaacha waingie, kwa sababu alikuwa na mtego, na mtego huo ndio uliokuwa starehe yake. Hewa akimng'ang'ania, alimchorea sampuli nzuri, tena nzuri hasa. Juu ya sampuli, kuanzia kona ya chini mpaka kona ya juu, alipitisha maandishi makubwa yaliyopauka kama chai iliyozidiwa maziwa. Wachoraji wote huweka alama kwenye sampuli, lakini wenzake huandika "sampuli" na kuiacha ionekane. Yeye aliandika HUYU HAJALIPA, na akayafifisha hata kwenye simu usiyaone. Mwizi akiridhika na alichokiona simuni, akakipeleka kikachapwe kikubwa, ndipo maneno yanapojitokeza, bango liko juu na watu wanapita chini yake wakisoma.

Alikuwa amewanasa watatu. Mmoja alikuwa na saluni, akatundika kibao chake barabarani na kushangaa kwa nini wapita njia wanachekelea. Bi Tiki alikwenda kusimama upande wa pili wa barabara, akapiga picha, akaja kuibandika ukutani juu ya meza yake pamoja na nyingine. Mgeni akiingia chumbani humo alionyeshwa picha hizo kabla ya kupewa kiti.

Dharau haikuanzia kwake. Aliirithi, kama alivyorithi pua.

Baba yake alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni mpaka alipostaafu. Alikuwa mkavu kama wavu wa dirisha. Stoo yake haikutoa hata msumari bila sahihi, na mtu akija na maneno matamu bila karatasi, aliambiwa asogee pembeni awapishe wenye shida za kweli. Nyumbani alikuwa vilevile. Watoto wake hawakumbuki kumsikia akimwambia mama yao neno la kupendeza. Chakula kikiwa kizuri alikimaliza, kikiwa kibaya alikimaliza pia.

Mzee huyu alikuwa na tabia yake. Kila ndugu wakikusanyika, lazima asimame awatambulishe wanawe, tena kwa kazi zao. "Huyu wa kwanza ni nesi. Huyu wa pili ni fundi umeme." Halafu angefika kwa kitinda mimba wake, angekohoa. "Na huyu yupo."

Yupo! Kama kabati. Bi Tiki alikuwa ameshachora nembo za kampuni za nchi ambazo baba yake hawezi hata kuzitaja, na bado kila mwaka aliambiwa yupo. Alishaeleza mara ngapi kwamba ile ni kazi? Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza ofisi iko wapi na bosi ni nani. Siku aliposema hana bosi, baba alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. Hakuna kitu Bi Tiki alichokitaka duniani kuliko kusikia baba yake anasema mbele za watu, "Huyu ni mchoraji," bila kukohoa.

Sasa, asubuhi moja aliingia hewa wa pekee. Jina lake lilikuwa herufi na tarakimu tu, zile zinazogawiwa na mtandao kwa mtu asiyejua kujiandikia jina. Bi Tiki aliusoma ujumbe wake kwa sauti, huku akiigiza sauti ya mzee.

"Habari za kazi. Nahitaji bango la kumshukuru mke wangu. Kadi ya namna mnayoitaka sina. Naweza kuleta fedha mkononi. Ofisi yenu iko wapi?"

"Ofisi yetu iko wapi!" Bi Tiki akapiga meza. "Anataka aje na kapu!"

"Mbona kaandika vizuri tu," mtafsiri alisema. "Mwambie atume kwa simu."

"Nikimwambia hivyo atasema simu imezimika. Ngoja uone."

Akamjibu, na jibu lenyewe alilisoma kwa sauti pia, kwa jinsi alivyolipenda: "Mteja wa kweli hujithibitisha kwanza. Hatufanyi biashara na watu wa barabarani."

Mtafsiri akaacha kuandika. "Hilo umelizidisha."

Hewa hakukasirika. Alijibu kesho yake kwamba ameelewa masharti, lakini angeomba kuona kazi itakavyokuwa, na fedha ipo palepale. Akaleta na maneno anayotaka yaandikwe: Asante kwa kunivumilia. Sikuwa mtu rahisi. Majina hakuweka, na picha alisema aachiwe nafasi ataijaza mwenyewe.

Bi Tiki alikufa kwa kicheko. "Anakiri mwenyewe! Hata mke hajamlipa huyu!" Akakunja mikono ya blauzi na kuanza kumtegea. Alimchorea mzunguko wa majani ya kijani yaliyopandana, akaacha nafasi ya picha katikati, akayapanga yale maneno kwa herufi za mviringo. Yalikuwa maneno machache mno kwa mke, akafikiria kuyaongeza, kisha akajiambia hewa hastahili kuongezewa. Mwisho akapitisha alama yake kutoka kona hadi kona, akaififisha, akatuma.

Hewa akanyamaza, kama kawaida yao. "Nilisema mimi," Bi Tiki alimwambia mtafsiri, akaifunga kazi ile na kuisahau.

Wiki kadhaa zilipita, ndipo dada yake nesi alipopiga simu. Baba anamfanyia mama shughuli Jumamosi, ndugu wote waje, na yeye asichelewe kama kawaida yake. Bi Tiki alijua ni mipango ya dada. Baba na shughuli wapi na wapi? Lile bango halikumjia kichwani hata kidogo. Kilichomjia ni kwamba baba atasimama tena na kukohoa, na safari hii yeye atamkatiza, atasema mwenyewe mbele ya watu yeye ni nani. Alilifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Jumamosi alikuta ua wa nyumbani umejaa viti. Mama alikuwa amekaa mbele na gauni jipya, akijitia kukasirika kwamba amesumbuliwa. Kwenye ukuta lilining'inia bango lililoviringishwa na kufungwa kamba, na chini yake alisimama baba, amevaa koti lake la siku ya kustaafu.

"Mimi si msemaji," baba alisema. "Nimeandika." Akavuta kamba.

Bi Tiki aliyaona majani kwanza. Mawazo yake ya kwanza, na hapo ndipo umjue, yalikuwa kwamba kuna mwizi ameiba kazi yake akamuuzia baba. Alishaanza kuinuka kwa hasira, aulize ni nani huyo. Kisha upepo ukalinyoosha bango, akaona picha ya wazazi wake siku ya harusi yao, baba kijana amekunja uso, na juu ya maneno ya shukrani, kutoka kona hadi kona, hakuna asiyeweza kusoma: HUYU HAJALIPA.

Halafu mjomba, ambaye hajawahi kuacha utani upite, akauliza kwa sauti, "Shemeji, hujalipa nini tena?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka wala hakuona haya.

"Bango," alisema. "Mchapaji alinionyesha mapema. Akaniambia, mzee, humu mna maneno, rudi kwa mwenyewe ayatoe. Nikamwambia chapa hivyo hivyo, maana ni kweli. Nilitaka kulipa, sikupewa pa kulipia."

Dada nesi alikuwa anatazama chini. Ndiye aliyemfungulia baba ukurasa, akamtafutia mdogo wake mtandaoni, akaapishwa asiseme. Kuandika, baba aliandika mwenyewe kwa kidole kimoja, jioni nzima kwa mistari minne. Hakutaka kumwomba mwanawe bango kama baba, apewe bure. Alitaka kuingia kwa mlango wanaoingilia wateja.

"Sasa niwatambulishe wanangu," baba akasema. Bi Tiki alitamani ardhi ipasuke. "Huyu wa kwanza ni nesi. Huyu wa pili ni fundi umeme." Akamgeukia. Hakukohoa. "Huyu ni mchoraji. Kazi hii mnayoiona ni yake. Ana masharti yake, na hafanyi biashara na watu wa barabarani."

Wageni wakapiga makofi. Walidhani anamsifu, na jambo baya ni kwamba alikuwa anamsifu kweli. Yale maneno aliyoyafanyia mazoezi mbele ya kioo hayakuwa na kazi tena.

Baba akamfuata mpaka kwenye kiti chake, akatoa bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti. "Shika. Uniandikie na risiti."

"Baba, sikujua ni wewe."

"Ungejua ungefanya nini?"

Jibu lolote ambalo Bi Tiki angelichagua lilikuwa baya. Baba akakaa kwenye kiti cha jirani, kwa uzito wa mtu anayeumwa magoti.

"Mimi nimewarudisha watu mlangoni kwa maneno hayohayo," alisema taratibu, yeye peke yake asikie. "Miaka yote ile. Wengine walikuwa na shida kweli. Siku uliponijibu ndiyo nimejua wanavyojisikia." Akajifuta paji la uso. "Nimelipa sasa. Nenda ukayafute."

"Hayafutiki, baba. Mpaka lichapwe upya."

"Basi ndiyo yamekaa."

Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Mpiga picha akaanza kuwaita familia wasogee ukutani. Baba na mama wakakaa mbele, nesi na fundi umeme wakasimama ubavuni mwao. Bi Tiki akawahi nyuma yao, akasimama katikati kabisa ya bango, akajinyoosha, akatanua mabega na mtandio wake, azibe herufi nyingi kadiri mwili wake unavyoweza. Alijisikia mjinga na hakujali. Picha hiyo itatundikwa sebuleni, na kila atakayeingia ataonyeshwa kabla ya kupewa kiti.

Mpiga picha alikuwa ameshainua kamera, mama akageuka. Alikuwa amelitazama bango tangu lilipofunguliwa, midomo yake ikiyarudia yale maneno machache kama mtu anayejifunza kusoma. Macho yake yalikuwa yamelowa, na ile alama sidhani kama aliiona hata mara moja.

"Sogea kidogo, mwanangu," alisema. "Umeniziba maneno ya baba yako."

Bi Tiki akasogea.